Namna ya Kushika Mwendo wa Matibabu ya Kisukari Pale Huduma za Umma Zinapoyumba

Kisukari ni ugonjwa unaohitaji mgonjwa afuatiliwe kwa miaka, ilhali vituo vingi vya afya vya umma vimepangwa kumhudumia mgonjwa wa leo na kumwita anayefuata. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki: mara hii unaonana na daktari huyu, mara ijayo na mwingine ambaye hajawahi kukuona, dawa ipo mwezi huu na mwezi ujao haipo, kipimo kilichoandikwa hakifanyiki kwa sababu vitendanishi vimeisha, jalada halionekani. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwezi Novemba 2024 zikionyesha kwamba watu wazima zaidi ya milioni 800 duniani wana kisukari, na kwamba zaidi ya nusu ya wenye umri wa miaka 30 na kuendelea hawakuwa wakitumia dawa mwaka 2022. Baadhi yao hawajui kuwa wanaumwa, lakini wapo wanaojua, walioanza matibabu vizuri, kisha wakapotea njiani kwa sababu huduma iliwachosha.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyegundulika karibuni na anayetegemea huduma hizo. Ushauri wangu mkuu ni kwamba mwendelezo wa matibabu usiachwe kwenye jalada la hospitali peke yake. Ukae mikononi mwako, kwa maandishi, tangu siku ya kwanza. Nasisitiza siku ya kwanza kwa sababu miaka ya mwanzo ina uzito wake. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977 na kuwahusisha wagonjwa 5,102 waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili ulionyesha kuwa waliodhibiti sukari vizuri zaidi walipata madhara machache ya macho na figo. Walipofuatiliwa kwa miaka 10 zaidi, wale waliodhibitiwa mapema waliendelea kuwa na nafuu ingawa tofauti ya sukari kati ya makundi ilikuwa imeshatoweka. Mwaka mmoja wa kuyumbishwa mwanzoni, basi, si jambo la kuvumiliwa kimya kimya.

## Usiondoke bila namba zako

Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari huwa ameshtuka, na aliyeshtuka hasikii yote anayoelezwa. Omba majibu yaandikwe: namba yenyewe, aina ya kipimo, tarehe, na kama ulikuwa umekula. Maneno kama "sukari iko juu" hayatamsaidia daktari mwingine utakayeonana naye mwezi ujao.

Kisukari huthibitishwa pale sukari ya damu inapofika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi baada ya kukaa bila kula kwa saa 8 au zaidi, au 11.1 na kuendelea saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au kipimo cha HbA1c, yaani cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kadhaa, kinapofika asilimia 6.5. Kwa mtu mwenye dalili za wazi, kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito, sukari ya 11.1 wakati wowote inatosha. Asiye na dalili yoyote hapaswi kupewa jina la ugonjwa huu kwa jibu moja tu. Kipimo cha pili kinahitajika ili kuthibitisha, na una haki ya kukiomba.

Angalia pia kipimio kilichotumika. Baadhi ya maabara huandika milimoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita, na mgonjwa anayehama kituo anaweza kuona 7.0 mahali pamoja na 126 kwingine akadhani ameharibikiwa, kumbe ni kiwango kilekile. Ili kupata miligramu, zidisha milimoli kwa 18.

Jambo la pili la kuuliza ni aina ya kisukari chako na sababu ya daktari kufikiri hivyo. Watu wazima wengi wana aina ya pili, na kwa hiyo katika kliniki yenye msongamano kila mtu mzima anaweza kudhaniwa hivyo. Lakini aina ya kwanza humpata mtu wa umri wowote, na mwenye aina hiyo hawezi kuishi bila insulini. Ukipewa vidonge, na bado uzito unazidi kushuka na kiu inaongezeka, usisubiri tarehe ya kurudi. Nenda ukaombe kupimwa ketoni, yaani kemikali zinazozalishwa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, kwenye mkojo au damu, na useme wazi kwamba unaomba aina ya kisukari iangaliwe upya.

## Daftari moja, lisiloachwa nyumbani

Nunua daftari gumu na ulitenge kwa kazi hii tu. Picha za simu ni nyongeza nzuri, hasa za majibu ya maabara na karatasi za dawa, lakini simu huzima chaji au kuibiwa, na daktari mwenye dakika chache husoma ukurasa haraka kuliko kupekua picha.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina lako, mtu wa kupigiwa simu, aina ya kisukari, tarehe ya kugundulika na namba za siku ile, magonjwa mengine, na dawa zinazokudhuru. Kurasa zinazofuata ziwe za dawa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuandika jina la dawa peke yake. Kinachomsaidia daktari mgeni ni sababu. Maandishi kamili ya metformini, kidonge cha kushusha sukari, yanaweza kuwa hivi: "Metformini, miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Imeanza tarehe 4 Machi. Sababu: HbA1c 8.9. Iongezwe baada ya wiki mbili tumbo likivumilia." Daktari anayesoma mistari hiyo anajua dozi ni ya kuanzia, anajua ilikusudiwa kupanda, na hatakuacha kwenye dozi ndogo kwa mwaka mzima kwa kudhani kuwa mwenzake aliamua iishie hapo. Kubakizwa kwenye dozi ya kuanzia bila mtu yeyote kuamua hivyo ni kasoro ya kawaida mno pale madaktari wanapobadilishana, na mstari mmoja wa daftari unatosha kuizuia.

Dawa ikisimamishwa, usiifute. Ipige mstari, kisha uandike tarehe na sababu, ili usije ukaandikiwa tena dawa iliyokwisha kukudhuru. Ukilazwa au ukitibiwa katika idara nyingine, onyesha daftari hilohilo. Dawa za jamii ya steroidi, kama vile predinisoloni, hupandisha sukari kwa kiasi kikubwa, na anayekutibu pumu au maumivu ya viungo huenda hajui kabisa kwamba una kisukari.

## Siku ya kliniki

Uliza mapema kama kipimo cha siku hiyo kinahitaji kufunga. HbA1c hakihitaji, kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wala hakibadiliki kwa mlo mmoja. Wengi hufunga kwa mazoea, wakaacha na dawa za asubuhi, halafu foleni ikafika saa saba mchana. Wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi na gliklazidi, wakizitumia bila kula, wanaweza kuanguka kwa kushuka kwa sukari wakiwa kwenye benchi. Muulize daktari wako mapema namna ya kutumia dawa siku ya kufunga, beba sukari au kinywaji chenye sukari, na umwambie muuguzi wa mapokezi kwamba umefunga na unatumia dawa hizo. Hilo si kuomba upendeleo.

Ukiingia chumbani, usisubiri kuulizwa "unasumbuliwa na nini?" na kujibu kwamba hujambo. Anza na yale mawili au matatu yenye uzito: "Daktari, mara iliyopita mwenzako aliniongezea metformini kwa sababu HbA1c ilikuwa 8.9. Leo naomba tuangalie kama imeshuka. Pia macho yangu hayajapimwa tangu nigundulike." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, nayo yanamwingiza daktari mgeni moja kwa moja kwenye safari ambayo hakuianza yeye. Vua viatu na soksi kabla hujaambiwa, maana nyayo zilizo wazi ni vigumu kuzipita bila kuzitazama.

Daktari akiandika dawa mpya, uliza swali hili kabla hujanyanyuka: "Hii inaongezwa juu ya ile ya zamani, au inachukua nafasi yake?" Jibu liandike papo hapo. Kutoelewana katika jambo hilo ndiko kunakomfanya mgonjwa mmoja kumeza dawa mbili za kazi moja, na mwingine kuacha dawa aliyopaswa kuendelea nayo.

Chukua tahadhari pia na uamuzi unaotokana na sukari ya kidoleni ya siku hiyo peke yake. Namba hiyo hupanda kwa mlo, kwa homa, kwa usingizi mbaya. Ikiwa dawa inabadilishwa kwa sababu yake, taja kwa upole muda uliokula na uonyeshe vipimo vyako vya nyumbani, kama unavyo. Pale ambapo HbA1c hakipatikani, sukari ya kufunga hutumika kufuatilia matibabu, na lengo la kawaida ni isizidi milimoli 7.0. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito lengo la HbA1c ni chini ya asilimia 7, ingawa mzee au mtu mwenye magonjwa mengine mazito huwekewa lengo lililolegezwa kidogo. Mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni akumbushe, kwa kuwa hali hizo hupotosha jibu la HbA1c.

## Kwenye dirisha la dawa, na dawa inapokosekana

Usiondoke dirishani kabla ya kufungua mfuko na kusoma maandishi ya kila pakiti. Linganisha na daftari mambo mawili: jina halisi la dawa, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, na uzito wa kidonge. Tuseme umezoea vidonge viwili vya metformini vya miligramu 500 asubuhi na viwili jioni, yaani miligramu 2,000 kwa siku. Leo umepewa vidonge vya 850 kwa sababu vile vya 500 vimeisha. Ukiendelea kwa hesabu ileile utakuwa unameza miligramu 3,400, ambazo zinapita kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Mfamasia atakuelekeza hesabu mpya ukimwuliza, lakini katika msongamano huenda asikumbuke kukueleza. Vidonge vinavyoyeyuka polepole navyo havipaswi kusagwa wala kutafunwa.

Jina jipya la kibiashara si sababu ya hofu kama dawa iliyomo ni ileile. Hatari ipo pale pakiti ya jina la zamani inapobaki nyumbani na mgonjwa akameza zote mbili. Hatari nyingine ni kubadilishiwa gliklazidi kwa glibenklamidi, au kinyume chake, kana kwamba ni kitu kimoja. Dozi zake hazilingani kwa miligramu, na glibenklamidi, ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu, haifai kwa watu waliozidi miaka 60 kwa sababu ya hatari ya kushusha sukari kupita kiasi. Mzee wako akipewa dawa hiyo, rudi kwa daktari uulize.

Kwa wanaotumia insulini, uangalifu uongezeke. Insulini ya muda mfupi huwa angavu kama maji, ya muda wa kati huwa na ukungu, na ya mchanganyiko pia huwa na ukungu. Kubadilishiwa aina bila maelezo ni hitilafu, haijalishi chupa zinafanana namna gani. Zipo insulini zenye yuniti 100 kwa mililita na zenye yuniti 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 10, umejichoma yuniti 25. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi bila kugandishwa, na iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne mahali palipo na ubaridi na pasipo na jua. Iliyowahi kuganda hutupwa, hata kama imeyeyuka na kuonekana nzima.

Ili upungufu usikukute mikono mitupu, nenda kuchukua dawa ukiwa umebakiwa na ya wiki mbili, si kidonge cha mwisho. Ukiambiwa hakuna, uliza ni lini inategemewa, na ni kituo gani cha karibu cha umma kinayo. Omba cheti kiandikwe kwa jina halisi la dawa, maana kwa jina hilo mfamasia yeyote anaweza kukupa iliyopo, na mara nyingi ya bei nafuu zaidi. Kama haitapatikana mahali popote, rudi kwa daktari akuandikie mbadala. Usigawanye dozi kimyakimya ili zifike mwisho wa mwezi, na usichukue vidonge vya jirani kwa sababu naye ana kisukari.

Uzito wa kukosa dawa haufanani. Kukosa metformini kwa siku chache hupandisha sukari, lakini mara nyingi kuna nafasi ya kutafuta suluhisho bila taharuki. Ikiwa wiki kadhaa zimepita, uliza kama unapaswa kuanza tena na dozi ndogo, kwani tumbo huwa limesahau. Kukosa insulini kwa mwenye aina ya kwanza ni dharura ya siku hiyohiyo. Huyo asiambiwe arudi kesho. Aende hospitali yenye wodi, hata usiku.

Vijiti vya kupimia sukari navyo huadimika. Anayetumia metformini peke yake kwa kawaida hahitaji kupima kila siku, kwa hiyo vijiti vichache avitumie kwa mpango: leo asubuhi kabla ya kula, siku nyingine kabla ya mlo wa jioni, na daima anapojisikia vibaya. Anayetumia insulini hana anasa hiyo, na ndiye anayepaswa kupewa kipaumbele pale vinapogawiwa. Nawa mikono na kuikausha kabla ya kujichoma, kwa kuwa mabaki ya kitu kitamu kwenye kidole hutoa namba ya uongo.

## Vipimo ambavyo hakuna atakayekukumbusha

Macho, figo na miguu huharibika kwa muda mrefu bila maumivu, na kliniki yenye foleni humshughulikia anayelalamika. Kwa aina ya pili, uchunguzi wa ndani ya jicho ufanyike mara baada ya kugundulika, maana ugonjwa huenda ulikuwapo kwa miaka. Kwa aina ya kwanza, ndani ya miaka mitano. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, kwani kinachopaswa kutazamwa ni retina iliyo nyuma ya jicho, mara nyingi baada ya kutiwa matone ya kupanua mboni. Figo hupimwa kwa damu, yaani kreatinini, na kwa mkojo, kutafuta protini ya albumini. Vipimo hivyo viwili havibadilishani nafasi, na matokeo ya kreatinini ndiyo yanayoamua pia kama metformini inakufaa bado. Miguu ichunguzwe hisia kwa uzi maalumu wa nailoni, na wewe mwenyewe uitazame kila jioni, pamoja na katikati ya vidole. Shinikizo la damu lipimwe kila ziara. Kolesteroli ipimwe pia.

Tenga ukurasa mmoja wenye majina ya vipimo hivi na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Nafasi iliyo tupu ndiyo utakayomwonyesha daktari. Mwanamke anayepanga kupata mimba aseme mapema, maana baadhi ya dawa za shinikizo la damu na kolesteroli hazifai katika ujauzito, na sukari inahitaji kudhibitiwa kabla mimba haijatungwa.

## Yasiyosubiri foleni

Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ukitetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa bila kuwa na kipimo, tumia mara moja gramu 15 za sukari, takriban vijiko vitatu vya chai, kisha upime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, au harufu ya matunda katika pumzi ni dalili za sumu ya ketoni, na mwenye aina ya kwanza haachi insulini hata akiwa hali chakula. Kidonda cha mguu, hata kidogo na kisichouma, kionekane siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiumwa kwa kutapika au kuhara sana, uliza mara moja kama metformini isimamishwe kwa muda. Waeleze haya watu wa nyumbani, kwa kuwa huenda wewe usiweze kuyasema wakati huo.

## Kudai huduma bila kugombana

Chagua kituo kimoja kiwe makao ya matibabu yako, hata kama mara nyingine utalazimika kununua dawa au kupima kwingine. Anayerukaruka kati ya vituo vitatu huongeza mkanganyiko aliokuwa akiukimbia. Mwulize muuguzi wa kliniki siku ambazo daktari fulani huwapo, umwombe akupangie tarehe inayolingana nazo. Muuguzi ndiye mara nyingi hubaki pale madaktari wanapohamishwa, na akikufahamu kwa jina, nusu ya tatizo imepungua.

Pale ambapo kero inajirudia, andika. Malalamiko ya mdomo kwenye dirisha humfikia mhudumu asiye na uwezo wa kuagiza dawa, naye amechoka kama wewe. Barua kwa mganga mfawidhi au mkuu wa kituo iwe fupi na yenye ushahidi: tarehe ulizokwenda, dawa au kipimo kilichokosekana kila mara, madhara yaliyokupata, na unachoomba. Unaweza kutaja kwamba mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana malengo ya kufikiwa ifikapo 2030, likiwamo la kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza kupata insulini ya bei anayoimudu pamoja na vifaa vya kujipimia sukari. Ikisainiwa na wagonjwa kadhaa wa kliniki hiyohiyo huwa na nguvu zaidi, na mkuu wa kituo anaweza kuiambatanisha anapoomba dawa kutoka ngazi ya juu. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ikipita miezi miwili bila jibu, ipeleke pamoja na barua mpya kwa ofisi inayosimamia kituo hicho.